Kijiji Kimya cha Hispania: Chumba Rahisi, Njia Ghali

Chumba cha watu wawili katika kijiji cha wakulima Hispania hupatikana kwa euro 50 hadi 65 kwa siku. Kwa aliyezoea bei za Madrid, hiyo ni nafuu kubwa, na ndiyo inayowavuta watu. Kisha wanashuka kituo cha mwisho cha basi jioni, kijiji kiko kilomita 20 mbele, teksi haionekani, na hapo ndipo hesabu yenyewe inapoanza.

Tuchukue kijiji kimoja: Gallocanta, mkoa wa Zaragoza, jimbo la Aragón. Wakazi wake hawafiki 200. Kipo kwenye uwanda wa juu, mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari, kimezungukwa na mashamba ya ngano na shayiri, na pembeni yake kuna ziwa la chumvi. Watu hufuata mambo mawili huko: ukimya, na korongo wa kijivu wanaotua kwa makumi ya maelfu wakikimbia baridi ya Ulaya ya kaskazini. Kuwatazama ukiwa barabarani kando ya ziwa hulipi senti. Utalipia yote mengine.

Hesabu zilizomo humu ni za kukadiria: watu wawili wanaotokea Madrid, siku tatu za kulala. Zitumie kulinganisha, halafu uulize bei ya tarehe zako.

Chagua tarehe kabla ya chumba

Agosti ndio mwezi mbaya kwa mwenye pesa ya kuhesabu. Watoto wa kijiji waliohamia mijini hurudi kwa sikukuu, muziki hupigwa hadi alfajiri, vyumba hujaa. Utalipa zaidi, ukimya hutaupata, na korongo hawapo.

Novemba na Desemba ndio wakati wa korongo. Lakini epuka wikendi, hasa zile zinazoungana na sikukuu za kitaifa za tarehe 1 Novemba, 6 na 8 Desemba. Mwishoni mwa Februari korongo hupita tena wakirudi kaskazini, na wageni huwa wachache. Ukiweza kwenda Jumatatu hadi Alhamisi, hiyo ndiyo bei ya kuitafuta.

Kuna mawili ya kuzingatia. Miaka ya ukame ziwa hupungua, hata kukauka, kwa hiyo piga simu uulize hali ya maji kabla hujalipa. Na baridi ya huko si mchezo: Calamocha, mji wa jirani, ulifika nyuzi 30 chini ya sifuri tarehe 17 Desemba 1963. Sweta la kuvalia Arusha mwezi wa saba halifui dafu. Koti zito la mitumba kutoka soko la Karume au Gikomba litakuokolea pesa nyingi kuliko kununua jipya ukishafika huko unatetemeka.

Kufika: njia tatu

Ya kwanza ni basi na teksi. Madrid hadi Zaragoza weka euro 20, Zaragoza hadi Daroca euro 10, kwenda na kurudi euro 60 kwa mtu. Kutoka Daroca teksi ya kilomita 20 weka euro 30, mara mbili ni 60, mnagawana. Watu wawili: euro 180. Ubaya wake ni kwamba mabasi ya vijijini ni machache, Jumapili na sikukuu ndiyo kabisa, na teksi lazima uiagize siku moja kabla. Ukishafika, miguu yako ndiyo gari lako.

Ya pili ni basi hadi Zaragoza, kisha gari la kukodi. Gari dogo euro 40 kwa siku, bima kamili 15, mafuta ya kilomita 300 kama euro 32. Jumlisha na nauli za basi: euro 277. Hii ndiyo njia inayopendekezwa sana, na kwa anayetoka Madrid ndiyo ghali kuliko zote.

Ya tatu ni kukodi gari Madrid kwenyewe. Ni kilomita 240 hivi kupitia Molina de Aragón. Mafuta yanapanda hadi kama euro 59, lakini nauli ya basi inatoweka. Jumla: euro 224.

Basi kanuni ni hii: mmoja au wawili, pandeni basi. Kuanzia watatu, kodini gari Madrid. Kila mtu atatoa kama euro 75, na mtakuwa huru kuzunguka ziwa lote. Mkiwa wanne inashuka hadi 56.

Yaliyofichwa kwenye gari la kukodi

Bei ya tangazo ni chambo. Kampuni nyingi hutaka kadi ya krediti yenye jina la dereva na huzuia dhamana ya mamia ya euro. Kadi ya kawaida ya benki inaweza kukataliwa mlangoni, au ukalazimishwa kununua bima yao. Dereva kijana na dereva wa pili hutozwa ziada. Ofisi ya uwanja wa ndege huwa na nyongeza yake. Ukichelewa kurudisha gari kwa saa chache, unaweza kulipishwa siku nzima.

Chagua mkataba wa kuchukua tangi limejaa na kulirudisha limejaa. Beba leseni ya kimataifa pamoja na yako ya nyumbani. Gari za bei ndogo nyingi ni za gia za mkono, na huko huendeshwa upande wa kulia. Aliyejifunzia Dar au Nairobi ajipe saa moja ya mazoezi nje ya mji kabla giza halijaingia. Jaza mafuta mjini, maana vituo njiani vimeachana mbali.

Kulala: usilipie nafasi tupu

Kitanda cha hosteli ni kama euro 22 kwa mtu. Kwa wawili siku tatu: euro 132. Uliza kama shuka na taulo zimo. Mara nyingi taulo hulipiwa.

Chumba katika nyumba ya wageni, weka euro 55 kwa siku: jumla 165. Kwa tofauti ya euro 33 mnapata faragha na bafu lenu. Wawili wakipata chumba kwa bei hiyo, wasihangaike na hosteli.

Nyumba nzima, ile wanayoiita casa rural, weka euro 150 kwa siku. Wakiwa sita ni 25 kwa kichwa, na jiko mnalo. Wakiwa wawili ni 75 kwa kichwa, na vyumba vitupu mnavipasha joto bure. Ni nyumba ya ukoo, si ya wapenzi wawili.

Kabla ya kulipa uliza maswali manne: kipasha joto kimo kwenye bei au kinapimwa kwa mita? Kuni za mekoni ni za bure au za kununua? Usafi wa mwisho ni kiasi gani? Lazima tulale siku ngapi? Majira ya baridi, jibu la swali la kwanza pekee linaweza kugeuza nyumba rahisi kuwa ghali.

Kula, na nguruwe

Usitegemee duka kijijini. Nunua mchele, mayai, mboga na matunda mjini kabla ya kuondoka. Na ujue kuwa maduka mengi ya miji midogo hufungwa saa nane mchana hadi saa kumi na moja, na Jumapili kutwa.

Mgahawani, agiza menú del día, mlo wa mchana wa siku za kazi. Kwa euro 13 hadi 16 unapata sahani mbili, mkate, kinywaji na kitindamlo. Wikendi bei hupanda. Chakula hichohicho ukikiagiza sahani moja moja, utalipa zaidi. Maji ya chupa si lazima: sheria ya mwaka 2022 inazitaka hoteli za chakula zitoe maji ya bomba bure. Yaombe.

Kwa Mwislamu, jambo moja lisemwe wazi. Aragón ni nchi ya paja la nguruwe. Maharage na dengu huweza kupikwa na soseji yake, na mafuta yake huingia hata kwenye keki. Kusema "sin jamón" hakutoshi. Sema "sin nada de cerdo", yaani pasiwe na chochote cha nguruwe. Kimanda cha viazi na samaki ndio salama zaidi. Kwake yeye, nyumba yenye jiko ina thamani kuliko bei inavyoonyesha.

Viza na benki

Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa. Ongeza ada ya kituo cha kupokea maombi na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Viza mbili, euro 180, zimeshapita kodi ya chumba cha siku tatu. Hispania hutaka pia uonyeshe akiba: mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 118.40 kwa siku, na kisichopungua 1,065.60 hata kwa safari fupi. Ukifikia kwa ndugu, huenda ukatakiwa barua ya mwaliko ambayo yeye huiomba polisi, kwa hiyo aanze mapema. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani au Ufaransa haihitaji viza hii. Mtanzania au Mkenya anayeishi Uingereza bado anaihitaji.

Toa pesa taslimu mjini. Mashine ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa shilingi, bonyeza euro. Kiwango cha shilingi kinachotolewa hapo ni cha kukunyoa.

Zawadi moja inayofaa

Bonde la Jiloca, jirani na hapo, hulimwa zafarani, na Monreal del Campo wana jumba la makumbusho yake. Gramu moja hutoka kwenye maua yapatayo 150, yanayochumwa kwa mkono vuli, ndiyo maana haiwi rahisi. Nunua gramu moja ya nyuzi nzima, usinunue ya unga. Itakupikia biriani kadhaa, na haina uzito begini.

Uamuzi

Wawili kwa basi, chumba, na chakula cha euro 25 kwa mtu kwa siku: 180, 165 na 150, jumla euro 495. Kwa gari kutoka Madrid: 539. Tofauti ni euro 44. Ukiwa na mtoto au mzee, zilipe.

Usikate tiketi ya Dar au Nairobi hadi huko kwa ajili ya kijiji peke yake. Lakini kama tayari unakwenda Madrid kwa harusi, masomo au biashara, ongeza siku tatu katikati ya juma. Leo piga simu mbili: ya kwanza kuuliza basi au gari, ya pili chumba. Ukianza na chumba, njia itajipangia bei yake.