Konokono wa Elgon na Jina la Kuazima

Mto Suam huanzia ndani ya kaldera ya Mlima Elgon, ukashuka ukiwa mpaka wa Kenya na Uganda, kisha ukabadili jina na kuwa Turkwel hadi Ziwa Turkana. Kwenye tope la vijito na chemichemi za juu mlimani huishi konokono ambaye kwa kawaida hafiki sentimita moja. Wafugaji wengi hawamjui, lakini kazi yake wanaijua: ndani yake hukulia mnyoo bapa Fasciola hepatica, anayetoka na kujibandika kwenye majani, akaliwa na ng'ombe au kondoo, na mwisho mkaguzi wa nyama akalitupa ini.

Kwa miaka mingi konokono huyu aliitwa Galba truncatula, neno truncatula likiwa la jamaa yake wa Ulaya, aliyepewa na O. F. Müller mwaka 1774. Mwaka 1929 Connolly alimpa wa Afrika jina lake, mweruensis, ila likamezwa na lile la Ulaya. Haikuwa uzembe. Gamba hubadilika kufuata maji na chakula, na wataalamu wa zamani walikuwa wepesi wa kutangaza spishi mpya kila gamba lilipopinda. Mwaka 1951 Bengt Hubendick alipasua konokono wa familia hii, akalinganisha tezi ya prosteti na viungo vya uzazi, na majina zaidi ya elfu moja yakabaki spishi 40 hivi. Ufagio huo ulihitajika. Tatizo ni kwamba ufagio hauchagui.

Mwaka 2019 Anna Mahulu na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya konokono hawa kutoka milima ya Afrika, Ulaya na Asia. Walisoma jeni mbili za mitokondria na kipande kimoja cha DNA ya kiini cha seli. Truncatula halisi barani Afrika alipatikana Morocco tu. Wote wa kusini mwa Sahara ni spishi nyingine, hivyo jina la Connolly likafufuliwa baada ya miaka 90. Kwa macho, hata ya mtaalamu, hawatofautiki.

Spishi hizi zilitengana enzi za Pliosini na Pleistosini, zamani sana kabla ya ufugaji, kwa hiyo konokono wa Afrika hawakufika milimani kwa mara ya kwanza kwa kwato za mifugo ya walowezi wa Kizungu. Konokono hawa wana viungo vya kiume na vya kike pamoja, na mmoja anaweza kujirutubisha mwenyewe. Akinata kwenye mguu wa ndege, mshenga hahitajiki.

Mfugaji wa Endebess, chini ya Elgon upande wa Kenya, atauliza jina litamsaidia nini. Kuzungushia kinamasi ua na kuwapa ng'ombe dawa hakutegemei Kilatini. Lakini anapotaka kujua msimu wa hatari, makadirio ya joto na unyevu yaliyopimwa kwa konokono wa Ulaya hayawezi kuhamishiwa huku hivi hivi. Inabidi yapimwe upya kwa mweruensis.

Tena huenda si mweruensis peke yake. Sampuli iliyotoka juu kabisa Elgon, upande wa Uganda, ilitofautiana na nyingine kiasi cha kudokeza spishi ambayo bado haina jina. Kuithibitisha kunadai vielelezo zaidi, pamoja na vya upande wa Kenya: vya kupasuliwa chini ya hadubini na vya kutolewa DNA. Kaldera ni moja, mbuga za taifa ni mbili, na vibali navyo vitakuwa viwili.