Tuachie mto mita zake 50

Mvua ya kwanza ikinyesha huku Annexe, mayi ya mito inageuka rangi ya matofali. Ni udongo wa mashamba yetu njo unaenda vile, kuelekea Kafubu, na kutoka pale mpaka Luapula.

Sisi wenye kuishi huku tunajua sababu. Tumekata miti ya kando ya mto juu ya kuchoma makala. Tumechimba udongo wa matofali palepale ukingoni. Tumelima lengalenga na matembele mpaka jembe inagusa mayi. Na wenzetu wachimbaji wanasafisha madini kule juu, wakati bibi zao wanamwangilia mboga huku chini. Kile baba anaacha mu mto asubuhi, mama anakirudisha ku meza mangaribi.

Si maneno ya bure. Mu 2009, watafiti wa UNILU na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Wenye kuishi chini ya kilomita 3 na mini walikutwa na kobalti nyingi sana, zaidi watoto.

Sheria iko. Ile ya misitu ya 2002 inakataza kukata miti mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Lakini kwa mama mwenye kashamba kadogo, mita 50 ni njaa. Kwa hiyo tupande kitu chenye kuleta faida. Kule Kenya, tangu 2015, wakulima wa mto Tana wanapanda majani ya nepia kushika udongo, halafu wanayakata kulisha ng'ombe. Huku kwetu, matete, ndizi na miembe inaweza kufanya kazi ile. Mizizi inashika udongo, matope inabaki ku shamba. Matete ikirudi, samaki wanapata pa kufichia mayai, vyura wanarudi, ndege nao wanafuata.

Tusijidanganye: majani haizuie asidi. Mwezi wa 11 wa 2025, mayi ya sumu ya kampuni moja iliingia mu kartie za Annexe, na serikali ikasimamisha kazi yake. Pale, kampuni njo inapaswa kujibu. Lakini ukingo wa mto uko mu mikono yetu.

Baba, hamisha kazi ya kusafisha madini mbali na mayi. Mama, acha mstari wa matete kati ya mboga na mto. Tuanze mbele ya mvua, si nyuma yake.