Mshono wa Nondo

Kibanda changu cha kushonea nguo kiko Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Nyuma yake nina kishamba kidogo: viazi vitamu, sukuma wiki, mistari sita ya mahindi, na ua wa misaiprasi niliourithi kwa mama mkwe. Usiku taa ya mulika mwizi ya sokoni huita wadudu wa kila namna. Asubuhi wateja hunikuta nafagia mabawa kabla sijafikia vipande vya vitambaa.

Kwa sababu hiyo watu huniletea nondo kiganjani. "Mama fundi, huyu ni nani?" Swali gumu hilo. Nondo wengi wamevaa kahawia, na ukimshika bawa, ule unga unaobaki kidoleni ni magamba yake, ndiyo rangi yenyewe. Unamfuta sura huku ukimtazama. Mimi huuliza kuhusu nyumba yake. Kifukofuko kilikuwa kwenye mmea gani, kimeshonwa kwa kitu gani, kina tundu wapi? Hapo naweza kusema neno.

Wapo wasiohusika. Wale wadudu wanaopanda kama moshi juu ya ziwa, hasa mwezi unapoandama, si nondo: wana mabawa mawili, na nondo ana manne. Kipepeo naye ana kirungu kwenye ncha ya kila kipapasio, lakini vipapasio vya nondo wengi ni kama uzi au unyoya. Tena vipepeo wengi hawashoni kifuko. Pupa yao huning'inia wazi. Kushona kifuko ni kazi ya kiwavi wa nondo, ingawa, kama nitakavyoeleza, yuko fundi mwingine anayemwigiza.

Anayenifurahisha zaidi yuko ndani ya nyumba. Nyuma ya cherehani, ukutani, utaona vijifuko bapa vya kijivu, kama mbegu za boga, vyenye urefu wa sentimita moja hivi. Wengi hudhani ni uchafu wa plasta. Kiguse kisha ungoje. Kichwa kidogo cheusi kitachungulia na mfuko utaanza kutembea. Huyu ni kiwavi wa nondo wa jamii moja na wale wanaotoboa nguo za sufu. Amefuma kwa hariri yake, akabandika mchanga na nyuzi za kitambaa kwa nje. Nimewahi kuona kimoja chenye nyuzi nyekundu, nikatambua sare ya shule niliyokuwa nimekata juma hilo. Mfuko una mlango kila upande, naye hujigeuza ndani na kutokea popote apendapo. Sijaona mshono wa namna hiyo kwa binadamu. Chakula chake ni utando wa buibui, nywele na sufu. Pamba haimshughulishi sana, kwa hiyo dawa ya kwanza ni ufagio.

Kwenye misaiprasi kuna wengine wa mifuko, ila hawa hubeba kuni. Kila mfuko ni kifurushi cha vijiti kilichofungwa kwa hariri, kinaning'inia tawini hadi mtu adhani ni sehemu ya mti. Dume akikomaa huota mabawa na kuondoka. Jike wa wengi wao hana mabawa. Hubaki mfukoni, dume humfuata hapo, na mayai huyaacha humo humo. Ukiona ua unakauka upande mmoja, vichume vifurushi kwa mkono na uvichome kabla mayai hayajaanguliwa.

Viazi vitamu vina mambo yake. Mjukuu wangu alikuja mbio na kitu cha kahawia kilichong'aa, kinene kama kidole gumba, chenye mkono kama wa birika. "Dani, kinatikisika!" Kwa Kiswahili cha kawaida pupa ni haraka ya mtu asiyeweza kungoja, lakini pupa hii hukaa udongoni ikingoja majuma kadhaa. Ule mkono ni ala ya mrija wa kunyonyea nekta, maana nondo huyu, Agrius convolvuli, ana mrija mrefu kuliko mwili wake. Kiwavi wake ni yule mkubwa mwenye pembe mkiani anayemaliza marando ya viazi. Nondo mwenyewe akitoka ardhini ana mistari ya waridi tumboni, na jioni husimama hewani mbele ya maua kama ndege chozi.

Katika mahindi sitafuti kifukofuko, natafuta kichwa. Kiwavijeshi vamizi, aliyetoka Amerika, akaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Kenya 2017, ana herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Ukimkosa akiwa kiwavi, huingia udongoni na kugeuka pupa, na nondo atakayetoka ni wa kijivu tu, hana la kukuambia.

Wakati mwingine utamkuta kiwavi amebeba kitu kama punje za mchele mgongoni. Majirani huziponda wakidhani ni mayai yake. Hivyo ni vifukofuko vya nyigu wadogo sana, ambao mabuu yao yamemla kiwavi akiwa hai, yakatoka na kushona. Huyo ndiye mwigaji niliyemtaja. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na ambacho kina makao mengine kule Mbita ng'ambo ya ghuba, walileta nyigu wa aina hiyo kutoka Asia na kuwaachilia Pwani mwaka 1993 wapambane na kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi. Kwa hiyo ukiona mchele, uache.

Kosa langu mwenyewe lilitoka mbali kidogo. Mteja wa Shinyalu aliniletea mfuko wa kahawia kutoka pembeni ya msitu wa Kakamega, mwepesi kama karatasi, unaojaza viganja viwili. Ni nyumba ya Anaphe panda. Viwavi wake huandamana kwa msururu juu ya mti wa Bridelia micrantha, kisha hushona jumba moja la pamoja, na ndani yake kila mmoja hujishonea chumba. Wayoruba wa Nigeria husokota hariri ya nondo wa jamii hiyo na kufuma kitambaa cha sanyan. Nami, kwa tamaa ya uzi, nikaupasua mfuko ule kwa mkasi papo hapo. Manyoya ya viwavi yalikuwa yamejaa ndani. Nilijikuna siku mbili. Kilichosaidia ni selotepu: bandika juu ya ngozi, bandua, osha kwa sabuni, usisugue.

Pupa ya mjukuu iko kwenye chupa ya jemu kando ya cherehani, imefunikwa udongo kiasi, na mdomoni nimefunga kipande cha neti ya shela la arusi. Nimemwekea nondo kijiti apande akakunjulie mabawa. Tangu juzi ganda limeanza kuwa jeusi, na mtoto amehamishia mkeka wake kibandani.