Saa Feki, Bro Orijino

Kama hujaicheki New World, muvi ya Korea ya 2013, hepa saa hii, juu nitamwaga stori yote mpaka mwisho.

Kuna genge inaitwa Goldmoon. Si wale wasee wa kupiga watu ngeta kwa kona. Hawa washaomoka, ni suti na ofisi, wanajiita kampuni. Mdosi wao anadedi kwa ajali ya ndai, na hata matanga haijaisha vizuri mbogi ishagawanyika mbili. Huku ni Jung Chung, kule ni Lee Joong-gu, na kila mtu anaona hiyo kiti ni yake.

Katikati ako Ja-sung, mkono wa kulia wa Jung Chung. Shida ni moja tu: Ja-sung ni karao. Alipandwa kwa genge kitambo, na kila akiomba kutoka, Kang, mkubwa wake wa polisi, anamwambia avumilie kidogo. Na ni huyo Kang anachochea kuni, Jung Chung na Joong-gu wamalizane ndio masanse waweke mtu wao juu. Hiyo mchoro ndiyo inaitwa New World.

Ja-sung ni Lee Jung-jae, yule msee wa Squid Game. Habongi mob, macho ndiyo inabonga. Lakini muvi imebebwa na Hwang Jung-min, Jung Chung mwenyewe. Manze, cheki entri yake: bazenga mzima ametoka China, anatembea airport na slippers za ndege! Halafu anamletea Ja-sung zawadi, saa feki. Anamuita "burada", ile brother ya Kizungu imepigwa na ulimi ya Korea. Ja-sung anaona aibu tu.

Kumbe huyo mwenye mchezo mob ndiye ako rada. Analipa mahaka wachimbe faili za polisi, anajua kila kitu. Anaita Ja-sung kwa godown usiku, na pale kuna drum. Hapo moyo yangu ilisimama, nikajua boy ameisha. Wapi! Kwa drum wanatoa mtu mwingine, naye karao. Jung Chung anamwangalia Ja-sung, ananyamaza.

Halafu beef inalipuka. Kwa parking hakuna bunduki, ni rungu na visu, mpaka Jung Chung anajipata amebanwa kwa lifti na wasee kadhaa wa Joong-gu, hakuna hata pa kurusha mkono. Anatoka hapo akiwa wa hospitali, na hiyo kitanda ndiyo yake ya mwisho.

Baadaye Ja-sung anafungua boksi aliyoachiwa na Jung Chung. Ndani ni faili yake ya polisi, na saa ingine feki. Serikali aliyoifanyia kazi ilimtumia kama kiberiti. Huyu mhalifu alijua siri yake na akaibeba mpaka kaburini.

Scene ya mwisho inarudi nyuma miaka sita, Yeosu, hao wawili bado maboyz wametoka kupigana, damu kila mahali. Ja-sung anacheka, kicheko ya kutoka ndani.

Nilizima skrini nikacheki saa yangu: saa tisa usiku. Ni feki ya soo tatu, beste yangu aliniletea kutoka tao. Nimekuwa nikimchomea nayo mbele ya watu. Kesho naivaa nikienda kwake.