Tiba Kabla ya Lango la Hospitali

Paramediki ni mhudumu wa afya anayemtibu mgonjwa wa dharura pale pale alipo: nyumbani, kiwandani, kando ya barabara, kisha ndani ya ambulensi hadi hospitali. Si daktari, wala si dereva aliyevalishwa sare. Anaruhusiwa kuchoma sindano, kutundika dripu, kupitisha mpira wa kupumulia kooni na kuushtua moyo kwa umeme, akifuata miongozo iliyoandaliwa na madaktari na kuwauliza kwa simu au redio panapohitajika. Kinachompa kazi ni uchache wa muda. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita, na ni nadra mgonjwa kuweza kufikishwa hospitali kabla ya hapo.

Fani yenyewe bado changa. Hadi miaka ya 1960, katika miji mingi ya Marekani wagonjwa walibebwa na magari ya polisi au ya kampuni za mazishi, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa na nafasi ya kumlaza mtu. Mjini Pittsburgh, daktari wa usingizi Peter Safar, mmoja wa waliobuni njia ya kumpulizia mgonjwa pumzi mdomo kwa mdomo, alifiwa na binti yake kwa pumu mwaka 1966. Mwaka uliofuata alishirikiana na Freedom House, shirika la Wamarekani Weusi wa eneo la Hill District, kuanzisha huduma ya ambulensi. Waliochukuliwa walikuwa vijana wa hapo hapo mtaani. Wengi hawakuwa na ajira na baadhi hawakuwa wamemaliza sekondari. Walisomeshwa kwa takriban saa 300, wakajifunza maumbile ya mwili, ufufuaji na uendeshaji wa gari la dharura, na wakaingia hospitalini kufanya mazoezi kwa wagonjwa halisi. Baadaye daktari Nancy Caroline akawa msimamizi wao wa tiba, na kutokana na kazi hiyo akaandika kitabu cha kiada kilichosomwa na vizazi vya maparamediki. Mwaka 1975 jiji lilianzisha huduma yake na Freedom House ikafungwa. Wengi wa waliokuwa wametangulia katika kazi hii wakajikuta nje, na dhuluma hiyo haifai kuachwa nje ya historia ya fani.

Kazi huanza kwa kuangalia mazingira kabla ya kumgusa mgonjwa. Nyaya za umeme zilizoanguka, petroli inayovuja, magari yanayopita kwa kasi: paramediki akiumia, majeruhi wameongezeka na mwokoaji amepungua. Baada ya hapo hufuata utaratibu uleule kila mara, hata kelele za watu ziwe kubwa namna gani. Damu inayoruka huzuiwa kwanza, kwa kukandamiza jeraha au kwa mkanda unaokazwa juu kidogo ya jeraha, mguuni au mkononi. Hufuata njia ya hewa, upumuaji, mapigo na presha, kisha fahamu. Fahamu hupimwa kwa kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15, kwa kutazama macho, maneno na mijongeo. Ndipo nguo hufunguliwa kutafuta majeraha yaliyojificha.

Dharura nyingi hazina damu hata tone. Mtu anayumba sokoni, anasema maneno yasiyoeleweka, jasho jembamba linamtoka. Waliomzunguka wanasema amelewa. Paramediki humtoboa kidole na kupima sukari. Ikiwa imeshuka sana, huenda ni mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini asile. Akipewa maji ya glukosi kwenye mshipa, mara nyingi hurejewa na fahamu ndani ya dakika chache na kuuliza kulikoni.

Ujuzi mgumu zaidi ni kuamua kama ni wakati wa kukaa au wa kuondoka. Moyo uliosimama hutibiwa papo hapo: kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na mashine ya kushtua moyo hutumika kama mdundo wake unaruhusu. Kumkimbiza mgonjwa huyo kwenye gari linaloyumba hudhoofisha ukandamizaji. Anayevuja damu ndani ya tumbo ni kinyume chake, kwa sababu anahitaji chumba cha upasuaji, na kila dakika inayotumika kumfungia bendeji nzuri barabarani inamgharimu. Majeruhi wakiwa wengi hupangwa kwa rangi: nyekundu ni wa kutibiwa mara moja, manjano anaweza kusubiri kidogo, kijani anatembea, nyeusi amekufa au hana matumaini. Kumpita mtu wa rangi nyeusi ili kumfikia wa nyekundu ni jambo zito, na linahitaji kufundishwa mapema.

Mafunzo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Marekani, mtu huanza na kozi fupi ya mhudumu wa msingi, kisha husoma mwaka mmoja hadi miwili kuwa paramediki. Uingereza siku hizi njia ya kawaida ni shahada, na hakuna anayeruhusiwa kujiita paramediki bila kusajiliwa. Afrika Kusini ina shahada ya miaka minne. Kote huko darasa peke yake halitoshi. Mwanafunzi hupanda ambulensi na msimamizi, huingia wodi ya wazazi na chumba cha dharura, na akishahitimu huendelea kupimwa.

Afrika Mashariki bado ina wachache wenye mafunzo haya. Kenya ina vyuo vinavyofundisha ufundi wa tiba ya dharura. Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara ya dharura mwaka 2010, hatua kubwa kwa upande wa hospitali. Upande wa njiani, mpango wa m-mama hupokea simu kupitia namba 115 na kumtafutia mama mjamzito au mtoto mchanga usafiri, hata kama ni gari la dereva wa kawaida pale ambulensi isipopatikana. Usafiri huo huokoa maisha. Hata hivyo, mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji mtu wa kumkanda mji wa mimba na kumpa dawa ya oksitosini njia nzima. Muuguzi wa zahanati akipanda naye, wagonjwa waliobaki kijijini hukosa mhudumu mpaka gari lirudi.