Masega ya Gari: Tupime Kwanza, Tusikimbilie Kukata



Ukitaja masega hapa Tongoni, watu wengi watafikiri asali. Lakini mafundi wa magari nao wana masega yao. Hiki ni kifaa kilichofungwa kwenye bomba la moshi, chini ya gari. Kwa nje ni kama kopo kubwa la chuma. Ndani yake, mara nyingi, mna kitu kigumu cha udongo wa kuchoma, chenye matundu madogo mengi yaliyopangana kama sega la nyuki. Jina lake limetoka hapo.

Magari mengi ya petroli tunayopanda kwenda Tanga au Pangani yalitumika kwanza Japani. Yanapofika kwetu, masega yake yamekwisha kufanya kazi miaka mingi. Siku moja gari inakosa nguvu, na mwenye gari anaambiwa, "Hayo kata tu, tupa." Naye hana fedha ya kununua mengine, basi anakubali. Leo tutaeleza kwa nini yafaa kupima kwanza, na jinsi ya kutumia fedha kidogo kwa mpango.

KAZI YA MASEGA

Petroli ikiungua ndani ya injini haiungui yote. Moshi unaotoka una hewa za sumu. Mbaya zaidi ni kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Sisi sote tumesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, wasiamke. Hewa iliyowaua ndiyo hiyo hiyo.

Matundu ya masega yamepakwa madini ya thamani: platini, paladi na rodi. Moshi wa moto ukipita juu ya madini hayo, sumu hubadilika. Sehemu kubwa ya kaboni monoksidi hugeuka kuwa hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Mabaki ya petroli hugeuka kuwa hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Lakini kazi hii hufanyika masega yakiwa ya moto sana, nyuzi 300 za Selsiasi au zaidi.

Mmoja wa waliobuni kifaa hiki ni Eugene Houdry, mhandisi mzaliwa wa Ufaransa aliyefanya kazi Marekani katika miaka ya 1950. Wakati ule petroli ilitiwa madini ya risasi, na risasi huua masega. Magari mapya ya Marekani yalianza kufungwa masega kwa wingi mwaka 1975, na petroli isiyo na risasi ikaletwa. Kwetu Afrika, nchi zilikubaliana huko Dakar, Senegal, mwaka 2001 kuiacha petroli ya risasi. Kufikia Januari 2006, nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuiuza.

DALILI ZA UGONJWA

Tazama dalili hizi:

1. Gari inakosa nguvu, hasa mlimani au ikiwa na mzigo. Unakanyaga mafuta, haiendi.
2. Inakula petroli kuliko zamani.
3. Moshi unanuka kama mayai viza.
4. Kitu kinagonga-gonga chini ya gari kama changarawe ndani ya kopo. Masega yamevunjika.
5. Sakafu ya gari inakuwa ya moto kuliko kawaida.
6. Taa ya injini inawaka mbele ya dereva.

Dalili moja peke yake haitoshi kuhukumu. Gari kukosa nguvu kunaweza kuletwa na chujio la petroli lililoziba. Taa ya injini ina sababu nyingi. Lakini taa hiyo ikiwa inawaka na kuzimika mfululizo, punguza mwendo, simama mapema, ita fundi. Katika magari mengi maana yake ni kwamba petroli haiungui sawasawa ndani ya injini, na masega yanaungua wakati huo huo.

NANI ANAYAUA MASEGA?

Hapa ndipo penye shina la jambo. Mara nyingi masega hayafi yenyewe. Yanauawa na ugonjwa mwingine wa gari.

Plagi mbovu au koili mbovu ni adui wa kwanza. Plagi isipotoa cheche, petroli inapita bila kuungua, inaingia kwenye masega na kuungulia humo. Joto linapanda mno mpaka masega yanayeyuka na kuziba.

Adui wa pili ni injini inayokula oili. Ukiona moshi wa bluu, ujue oili inaungua. Majivu yake yanafunika yale madini.

Adui wa tatu ni petroli chafu. Zamani wako waliochanganya petroli na mafuta ya taa ili wapate faida. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA ilianza kutia alama katika mafuta, ili yaliyochanganywa yagundulike. Petroli ya kwenye madumu, usiyojua imetoka wapi, ni hatari kwa gari yako.

Adui wa nne ni jiwe au shimo la njiani linalogonga masega, na maji baridi ya dimbwi yanayoyarukia yakiwa ya moto. Hapa pwani tuongeze chumvi ya bahari, inayokula bomba la moshi mpaka linatoboka.

Basi, mtu akinunua masega mengine bila kubadili plagi mbovu, hayo nayo yatakufa. Fedha imekwenda mara mbili.

MATUMIZI YA FEDHA KWA MPANGO

Tuchukue mfano. Tuseme ndugu watano wana gari moja ya kubeba samaki na abiria kutoka Tongoni kwenda Tanga. Gari imechoka, na fedha yao ni kidogo. Wafuate hatua hizi.

Hatua ya kwanza: Watibu chanzo. Fundi akague plagi, koili, chujio la hewa na oili. Plagi ni bei ndogo ukilinganisha na masega.

Hatua ya pili: Watafute tundu kwenye bomba la moshi. Tundu likiwa karibu na sensa, yaani kipimo kilichofungwa kwenye bomba, sensa itadanganyika, na taa itawaka ingawa masega ni mazima. Kuchomelea tundu ni kazi ndogo.

Hatua ya tatu: Gari ipimwe kwa mashine ya kusomea makosa. Ikitoa namba P0420, maana yake masega hayasafishi moshi vya kutosha. Namba hiyo siyo amri ya kununua. Sensa mbovu nayo inaweza kuileta.

Hatua ya nne: Wapime kama yameziba. Gari ikiwa imepoa kabisa, fundi ayagonge polepole kwa ubao asikilize kama kuna vipande. Kisha anaweza kufungua sensa ya mbele, ili moshi upate njia nyingine, na gari iendeshwe mwendo mfupi sana. Nguvu ikirudi, masega yameziba. Asiingie mtu chini ya gari iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Wekeni magogo imara.

Hatua ya tano: Yakiwa yamekufa kweli, watafute yaliyotumika kutoka gari ya injini kama yao. Wamulike ndani kwa tochi. Matundu yawe wazi, yasiwe yameyeyuka. Wayatikise, yasilie. Waombe risiti, maana mengine ni ya wizi. Masega mapya ya bei rahisi sana yana madini kidogo, hayakai.

Wako wanaoyaosha kwa sabuni. Kuosha kunaweza kutoa masizi kidogo, lakini hakuwezi kufufua masega yaliyoyeyuka.

Je, kuacha tu hivyo hivyo? Tupige hesabu. Tuseme gari inakwenda kilometa 80 kwa siku, na kwa kuziba inakula lita 2 zaidi kwa kila kilometa 100. Kwa siku ni lita 1.6. Kwa siku 25 za kazi ni lita 40. Zidisha kwa bei ya petroli ya leo, utaona hasara ya mwezi mmoja.

HASARA YA KUKATA NA KUTUPA

Ni kweli, masega yaliyoziba yakitolewa gari inapata nguvu. Lakini sumu yote sasa inatoka nje kama ilivyo. Kiungo cha bomba kikivuja, inapanda ndani ya gari. Na sisi tuna mazoea ya kwenda na mlango wa nyuma wazi kwa ajili ya mzigo. Moshi unavutwa ndani, walipokaa akina mama na watoto. Abiria wakiumwa kichwa na kusinzia pamoja, simamisha gari, washushe wote wapate hewa safi, na uwapeleke zahanati.

Tena, taa ya injini mara nyingi itabaki inawaka. Ugonjwa mwingine ukija, hutajua.

Jambo jingine ni kwamba masega mabovu yana thamani. Yale madini bado yamo, na wapo wanaoyanunua. Fundi akikuambia, "Nitakutolea bure," muulize kile kilichotolewa kinabaki kwa nani. Chukua kilicho chako, ulizia bei kwa wanunuzi wawili au watatu, na fedha hiyo isaidie kununua mengine.

TAHADHARI YA MOTO

Masega ya moto yanaweza kuwasha majani makavu. Yaliyoziba huwa ya moto zaidi. Usiegeshe gari iliyotoka safari juu ya nyasi kavu wala makuti, wala karibu na nyumba ya makuti. Watoto wasicheze chini yake.

TUANDIKE

Kila gari iwe na daftari. Andika tarehe, kilometa, lita za petroli, oili iliyoongezwa, na siku plagi zilipobadilishwa. Petroli ikianza kuliwa zaidi, daftari litakuambia mapema, kabla masega hayajafa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ni hasara kununua masega mengine kabla ya kukagua plagi?
2. Gari ikila lita 3 zaidi kwa kilometa 100, na ikaenda kilometa 80 kwa siku, itapoteza lita ngapi kwa siku 25?
3. Katika kijijini chetu, magari huegeshwa wapi? Je, mahali hapo pana majani makavu au makuti?