Je, Wajua? Sigara Tatu, Nyumbu na Mwanasesere

Sogea hapa kwenye benchi. Ukiuliza ni pigano gani lililogeuza kibao katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini, 1861 hadi 1865, wengi watakujibu haraka: Gettysburg! Ngoja kwanza.

Je, wajua Gettysburg kilikuwa kimji cha watu 2,400 tu? Julai 1, 1863, vita vikakifikia, na askari waliokusanyika pale walizidi 150,000. Siku tatu zilipokwisha, karibu 51,000 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa, wametekwa au hawajulikani walipo. Na raia waliouawa katika mapigano yenyewe? Mmoja! Jennie Wade, miaka 20, risasi ilimkuta akikanda unga wa mkate.

Meade, jenerali wa Kaskazini aliyeshinda pale, alikabidhiwa jeshi Juni 28. Hesabu mwenyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Meade alipewa vita.

Sasa teremka nami hadi mto Mississippi. Julai 4, siku moja tu baada ya Gettysburg na tena sikukuu ya uhuru, mji wa Vicksburg ulisalimu amri baada ya kuzingirwa siku 47. Gettysburg, Lee, jenerali wa Kusini, alishindwa lakini akaondoka na jeshi lake. Vicksburg, Kusini ilipoteza mji na jeshi zima: askari zaidi ya 29,000! Siku tano baadaye ngome ya mwisho mtoni ikaanguka, na Kusini ikakatika vipande viwili. Kura yangu naipeleka huku, wewe je?

Wakazi wa Vicksburg walichimba mapango vilimani wakaishi humo, mizinga ikinguruma juu. Nyama ilipokwisha wakala nyumbu. Si yule wa Serengeti, jamani! Huyu ni mtoto wa punda na farasi, mbeba mizigo.

Karatasi nazo zikaisha, gazeti la mji likachapwa nyuma ya karatasi za kupambia ukuta. Mhariri alimcheka Grant, jenerali wa Kaskazini: anayetaka kumla sungura amkamate kwanza. Askari wa Grant walipoingia walikuta herufi bado zimepangwa. Wakaongeza habari kwamba sungura amekamatwa, wakachapa!

Na kamanda aliyeutetea mji huo kwa niaba ya Kusini, Pemberton? Mzaliwa wa Pennsylvania, jimbo la Kaskazini, lile lile lenye Gettysburg. Mkewe ndiye alikuwa wa Kusini.

Bado hujachoka? Rudi nyuma hadi Septemba 1862. Askari wa Kaskazini waliokota shambani sigara tatu nene zilizofungwa kwa karatasi. Karatasi yenyewe: mpango wa siri wa Lee! Siku nne baadaye, Septemba 17, majeshi yakakutana Antietam, na kwa saa kama 12 watu karibu 23,000 wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea. Mshindi hakuonekana waziwazi, ila Lee alirudi nyuma. Siku ya tano Rais Lincoln akatangaza: watumwa katika majimbo yaliyoasi watakuwa huru kuanzia Januari 1, 1863.

Na usidhani Unguja haikuguswa na vita hivyo. Ile merikani, kitambaa kilichobebwa na misafara hadi bara, ilifumwa viwandani Massachusetts kwa pamba ya Kusini. Bandari za Kusini zilipozibwa, merikani ikaadimika, vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi.

La mwisho, shika benchi! Pigano kubwa la kwanza, 1861, lilifika hadi shambani kwa Wilmer McLean. Akahamia mbali, Appomattox. Aprili 9, 1865, Lee alisalimu amri kwa Grant, wapi? Sebuleni kwa McLean! Maofisa wakaondoka na meza, viti, hata mwanasesere wa binti yake.